Aliyejenga Kwenye Kiwanja Changu

Amefariki yule bwana aliyejenga kwenye kiwanja changu. Nyie mlionizoea kwenye ukurasa huu mnajua kwamba mie taazia za kupanga maneno sizijui, na marehemu mwenyewe angenicheka akiniona najikaza. Tumemzika juzi baada ya sala ya alasiri, jua kali, watu tele. Nimesimama makaburini, mtu mmoja nisiyemjua akaniinamia sikioni, "Marehemu alikuwa nani yako?" Nikafikiri. Jamaa, si jamaa. Kazi hatukufanya pamoja. Jirani ningesema, lakini baina ya nyumba yake na yangu pana mwendo wa kumtoa mzee kama mie pumzi. Basi nikamwambia kweli: "Alijenga kwenye ardhi yangu." Yule bwana akaniangalia, akasogea hatua mbili pembeni, akasema innalillahi, na mpaka leo sijui alikuwa anamsikitikia maiti au ananisikitikia mie.

Habari yenyewe ni hii. Miaka mingi iliyopita, hapa Maskati, mie na mke wangu tulitokewa na kiwanja kwenye kura ya serikali, huko ndani, njia ya kwendea Qurayyat. Mwenye umri wangu anakumbuka furaha ya siku ile. Unapewa karatasi moja yenye mchoro, hapa tunaiita krooki, ina mstatili mdogo uliotiwa rangi, namba yake, vipimo vya pande zote nne, na mshale juu unaoonesha kaskazini. Basi huo ndio utajiri wako. Unaingia garini unakwenda kuutazama, unakuta jangwa la kokoto limekatwa vipande kama halua kwenye sinia, mistari imenyooka, vigingi vya chuma kwenye pembe, na namba zimepigwa rangi juu ya mawe. Kisha mvua moja inapita na namba zinakwenda nayo. Mbuzi wanalala juu ya vigingi. Ukisimama katikati, kila kiwanja ni pacha wa mwenziwe, na kitu pekee kilichosimama wima ni kibao kinachosema hapa utajengwa msikiti. Kila mtu anahesabu kuanzia kwenye kibao.

Watu wa hapa tuna mchezo wetu, na sidhani kama tutauacha. Ijumaa jioni unachukua mkeka, chupa ya kahawa na mkeo, unakwenda kukaa kwenye nyumba ambayo haijajengwa. Mke wangu alikuwa keshaipanga yote kwa mawe: majlisi hapa, jiko pale, chumba cha wageni kule ili wageni wasisikie tukigombana. Siku moja nlikuwa nakwenda garini kuchukua sukari, nikakata njia ya mkato. Akanambia, "Wee, umepita ukutani. Rudi utokee mlangoni." Nikarudi, nikatoka mlangoni. Alikuwa na sababu zake za kukipenda kile kiwanja. Yeye kazaliwa Sidab, nyumba ya karibu na pwani, na utotoni mwake bahari ikiingia ndani wanapandisha magodoro juu ya kabati. Sasa kiwanja chetu kilikuwa cha juu kabisa, ubavuni mwa mlima. Alikuwa anasimama pale akiangalia bondeni, anasema, "Hapa maji yatanitafuta, hayanipati."

Ikatokea goti lake likafanyiwa operesheni, tukakaa muda hatukwenda. Siku tuliyorudi tumekuta ukuta wa kiuno umezunguka kiwanja chote, na ndani yake chumba kimoja kimeshafika usawa wa paa, bado bati tu. Mbele ya chumba bwana mmoja mnene kiasi, kanzu kaikunja mpaka magotini, anamwagia matofali maji kwa mpira. Mke wangu akaniuliza kwa sauti, kwa Kiswahili, "Ndipo hapa kweli?" Yule bwana kusikia Kiswahili akaacha mpira unamwaga.

"Karibuni, karibuni ndani. Lo, kumbe tutakuwa na Waswahili huku. Mama, tia kahawa, wageni hawa."

Akatoka mkewe na vitumbua. Sasa wewe msomaji utaniuliza kwa nini hatukusema pale pale. Utasemaje, na mtu keshakukaribisha? Tukakaa. Tukaulizana hali, tukaulizana Unguja upande gani, yeye mtu wa Bumbwini, mie wa Ng'ambo, tukatafuta watu tunaojuana wote wawili, tukawapata, tukawarehemu waliokufa. Nakunywa kahawa ya mtu kwenye ardhi yangu kama mgeni, na nzuri khasa, ina tangawizi. Mke wangu subira yake ikaisha kwenye kitumbua cha pili.

"Kaka, kahawa yako tamu, na chumba kimependeza. Lakini umekijenga kwangu."

"Kwako wapi, dada?"

"Hapa. Hapo ulipokaa ndipo jikoni kwangu. Umekaa juu ya jiko."

Akacheka mpaka akaona sisi hatucheki. Akaingia garini akatoa krooki yake, nami nikatoa yangu, tukaziweka juu ya tofali. Namba mbalimbali. "Basi nyie ndio mmekosea," akasema kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari. "Mie nimehesabu kwa miguu yangu. Unaanza kwenye kibao cha msikiti, unakwenda mbele mistari miwili, unageuka kulia viwanja vitatu. Hapa. Kitu kimoja tu kilinishangaza: kwenye karatasi kiwanja kimesimama, hapa kimelala. Nikasema labda mchoraji alikuwa na haraka zake."

Hatukugombana. Tukakubaliana aje mpima. Akaja binti wa ofisi ya ardhi, mdogo, viatu vya kazi chini ya abaya, na chombo chake cha miguu mitatu. Akapima, akaangalia karatasi, akapima tena, akanambia mie kwa Kiarabu kwamba hapa ni kwangu. Kisha akamgeukia marehemu. "Ami, hebu simama kwenye kibao unioneshe ulivyoishika krooki." Marehemu akasimama, akaielekeza karatasi mbele, mshale wa kaskazini ukatazama kule jua linakozama. Yule binti akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Akaichukua karatasi mkononi mwake, akaigeuza robo, akamrudishia. "Bibi yangu naye hivi hivi," akasema, na mara hii akasema kwa Kiswahili. "Kila akiniuliza kaskazini iko wapi, ananionesha msala wake wa kusalia."

Mliozaliwa huku mtaona ajabu, wacha nieleze. Unguja, ukisimama kusali, unaelekea kaskazini. Sisi tumekua tukijua hivyo kabla ya kujua kusoma: mbele yako kibla, nayo ndiyo kaskazini, jua linachomoza mkono wa kulia, linazama mkono wa kushoto. Hapa Maskati kibla ni jua linakozama. Marehemu alikuwa keshakaa hapa zaidi ya nusu ya umri wake, na kusali anasali sawasawa, hajapotea hata siku moja. Lakini ulipompa karatasi yenye mshale wa kaskazini, mwili wake ukamwambia kaskazini ni kule tunakosalia, akaugeuza mji mzima robo mzunguko bila ya mji kujua. Kiwanja chake hasa kilikuwa upande mwengine kabisa wa kibao, kule chini, mstari wa mwisho, kimepakana na wadi, bonde linalopitisha maji ya mvua. Nami simcheki sana. Mie mwenyewe, mke wangu akinituma kitu kiko kabati la upande wa kaskazini, naanza kutafuta msala uko wapi.

Nikajikuta nakumbuka karatasi ya shamba la babu yangu, Mungu amrehemu. Ilikuwa haina mshale wala vipimo. Inasema upande wa kibla shamba la fulani bin fulani, upande wa suheli njia ya watu wote, mashariki mnazi uliopinda, magharibi mjukuu wa bibi fulani. Hivyo ndivyo ardhi ilivyokuwa ikielezwa: kwa watu na miti. Raha yake ni kwamba ukiisoma ile karatasi umeshawasalimia majirani wote. Tabu yake ni kwamba mnazi unaanguka. Ule uliopinda ulipoanguka, babu na mwenziwe hawakusemezana misimu miwili ya karafuu, kila mmoja anadai shina lilikuwa upande wake. Ndiyo maana mie mistatili naipenda, na nnawaambia hivyo wanaolalamika kwamba viwanja vipya havina sura. Mstatili haupendelei. Mkubwa wa kazi na mvuvi wa Sidab wote wamepewa urefu ule ule na upana ule ule, na mpaka haufi. Nenda vichochoro vya Matrah ukaulize ukuta huu wa nani. Utaambiwa wa wote wawili, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Lakini turudi kwenye lile tofali. Marehemu aliikunja krooki yake. Akakaa chini, akakiangalia kile chumba, kisha akasema, "Nipeni mpaka Ijumaa ya pili. Ntavunja, ntakuachieni pasafi, hata kokoto ntazirudisha." Hakuniomba kitu. Angeniomba, labda ningekataa, kwa sababu mke wangu alikuwa keshanisogelea ubavuni na kunifinya. Garini akanambia waziwazi: "Najua unafikiri nini. Unataka tubadilishane. Mie nimekaa na maji ya bahari utoto wangu wote, sasa unataka uzeeni nikakae na maji ya mlima?" Na haki yake. Wadi si kitu cha kuchezea. Ni bonde kavu mwaka mzima, watoto wanacheza mpira, halafu mvua inapiga huko milimani usikokuona na maji yanakuja yamebeba mawe.

Ijumaa ile ya kuvunja tukaenda. Sikwenda kusimamia. Nlikwenda kwa haya, kwa kuwa niliona si vizuri mtu avunje peke yake. Tumefika, hakuna nyundo wala mafundi. Kuna gari imesimamishwa karibu kabisa na mlango wa kile chumba, na marehemu na mkewe wanamshusha bibi kizee mmoja, mamake, mdogo kama kifurushi. Marehemu akatukimbilia. Akasema polepole, "Samahani. Kesho ntavunja. Kila siku ananiuliza chumba chake kimefika wapi. Sijamwambia. Nimetaka akione mara moja tu."

Yule bibi, wasomaji wangu, alikuwa anakaa Matrah kwenye fleti ya juu kabisa, jengo la zamani halina lifti. Miguu imekataa ngazi. Akitaka kwenda hospitali wanambeba kwenye kiti, mwanawe mbele na muuza duka nyuma, na yeye anafumba macho njia nzima kwa kuona haya. Mwaka wa pili ule hajakanyaga ardhi kwa hiari yake. Akafika mlangoni, akanyoosha bakora mbele, akagonga chini huku na huku.

"Ngazi iko wapi?"

"Hakuna ngazi, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akaingia. Akaangalia juu, akaona mbingu, akasema paa lake refu sana. Mwanawe akacheka. Kisha akageuka, akatoka nje. Akasimama juani kidogo, akaingia tena. Akatoka. Sote tumesimama tunamwangalia, na yeye hatujali, anatoka na kuingia, anatoka na kuingia, kama mtoto aliyepata mlango wa kuchezea. Mara ya mwisho akasimama kizingitini akamwambia mwanawe, "Mie asubuhi ntakuwa nakaa hapa. Mtu akipita ntamwamkia." Mtu mwenyewe atapita nani, pale hapana hata paka. Mwanawe akaitikia, "Inshallah, mama," akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa makubadhi.

Mke wangu alimwamkia bibi, akambusu mkono, akanambia twende zetu. Tumefika barabara ya lami ndipo akafungua mdomo. "Kule chini kwake," akasema, "ukijengwa ukuta wa mawe upande wa wadi, mzito, maji yanaweza kuzuilika?" Nikamwambia sijui, mie si fundi. "Basi tafuta fundi anayejua," akasema, "na umpigie yule bwana simu asijeshika nyundo." Nikamuuliza ana hakika. Akasema, "Endesha gari."

Tukaenda ofisini kubadilishana, na mambo yakawa mepesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mistatili yote ni sawa: toa namba hii weka ile. Karani akauliza sababu ya kubadilishana ni nini. Marehemu akamjibu, "Kibla." Karani akamwangalia, akaniangalia na mie, akaandika kwa ridhaa ya pande mbili.

Tukajenga chini. Ukuta wa mawe ukajengwa, na wadi ikaupima. Mvua kubwa ya kwanza maji yalipita juu yake, yakaingia uani mpaka kwenye vizingiti. Mie nna ndoo, mke wangu ana ufagio, tunagombana na maji na sisi kwa sisi, mara tunasikia honi. Marehemu kashuka na pikapu yake, kanzu magotini kama siku ya kwanza, koleo begani.

"Nimefuata maji yangu."

"Maji yako yapi?" mke wangu akamuuliza, hana hata muda wa kumwamkia.

"Haya. Mie ndiye niliyeandikiwa. Serikali ilinipa yaje kwangu, yamepotea njia."

"Basi yachukue yote, na matope usisahau."

Tangu siku ile mvua ikinyesha hatumpigii simu. Ukiona wingu limekaa mlimani, weka kahawa, anakuja. Nyumba za pembeni zilipojengwa, majirani zetu wapya wakazoea kumwona bwana wa juu anashuka kuja kufukua mtaro wa watu wa chini, wakawa wanatoka nao na makoleo yao, maana utakaaje ndani na mzee wa watu anachimba mbele ya mlango wako? Ndivyo mtaa wetu ulivyojuana. Mie nimewajua majirani zangu wa pande zote kwa ajili ya mtu asiyekuwa jirani yangu. Naye kila akinijulisha kwa watu, alikuwa ananiita mwenyeji wake. Mamake aliishi katika chumba kile mpaka Mungu alipomchukua, na asubuhi zake alikaa kizingitini, na watu wakaanza kupita kweli, na akawaamkia.

Juzi matangani sisi wanaume tulikaa nje, mke wangu akaingia ndani kwa mjane. Alikaa sana. Tulipofika kwetu ndipo akanieleza. Mjane amekaa eda, na katikati ya wanawake wote amemshika mkono akamuuliza kwa siri, "Dada, sasa yeye hayupo. Nyumba bado yetu?" Nikashtuka. Karatasi zipo, mihuri ipo, jina lake marehemu limeandikwa tangu zamani. Lakini mama wa watu kwa miaka yote hii, akipika, akifua, akiozesha wanawe ndani ya nyumba ile, moyoni alikuwa anaona amekaa kwa mtu, na kwamba kilichomweka pale ni urafiki wa wanaume wawili, na mmoja wao sasa yuko chini ya ardhi. Nikamuuliza mke wangu, "Ukamjibu nini?" Akasema, "Nimemwambia pale mie nlikuwa na mawe tu, na mawe yangu nimeyachukua. Nyumba ni yake yeye aliyempikia mkwe wake humo ndani. Akalia, akacheka, akaniuliza kama nimekula."

Nimelikalia hilo tangu juzi. Sisi tulidhani shughuli imekwisha pale karani alipogonga muhuri, kumbe pana mtu mmoja hakuna aliyekwenda kumwambia kwa mdomo kwamba hapa ni kwako, kaa kwa raha. Mlango wa yule bibi kizee ulipona kwa kuwa tulikwenda wenyewe tukauona. Huyu mke wa marehemu, aliyetupa vitumbua, hatukumtazama usoni hata mara moja. Kwa hiyo nyie mliotokewa na viwanja mwaka huu, na mimi najua mpo, hongereni. Muiteni mpima kabla ya fundi. Kisha krooki yenu mkishaihakikisha, itieni kabatini mwende kwa miguu mkawatafute wenye viwanja vya pande zenu zote nne, mjuane nao kabla kuta hazijapanda. Na kama kuna mtu anaishi mahali kwa ridhaa yenu, awe mpangaji, awe mke wa mtu, awe mkwe, mwendeeni leo mkamwambie kwamba ridhaa ile ipo na haitoki. Msingoje matanga.